Safu ya Mwisho

Mdogo wangu alinipigia simu jioni, wiki moja baada ya matokeo ya kidato cha nne kutoka. Alikuwa nyuma ya kibanda cha mama pale Igunga. Nilisikia malori yakipunguza mwendo na sufuria zikigongana kwenye beseni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hongera tena."

"Dada, hizi tahasusi ziko 65. Wewe ulichaguaje?"

Nilicheka kwanza. Mwaka 2024 serikali ilipotangaza tahasusi 65 za kidato cha tano na cha sita, 49 kati ya hizo zilikuwa mpya: za lugha, za biashara, za michezo, za sanaa, za elimu ya dini. Sisi tulizikuta chache, na mtu aliyesoma shule ya kata kama mimi alikuwa anazijua tatu au nne tu. PCB ilikuwa ya watakaokuwa madaktari. EGM ilikuwa ya waliozaliwa wanajua hesabu. HGK, HGL na HKL zilikuwa za sisi wengine. Mimi nilisoma HKL kwa sababu ndiyo niliyopangiwa, na nikaipenda baada ya kufika.

"Nipe hadi kesho," nilimwambia. "Kuna kitu nataka kukiangalia kwanza."

Kitu chenyewe ni kaunta buku ya kwaya mbili niliyoinunua wiki yangu ya kwanza chuoni. Ukurasa wa mbele kuna jedwali nililolichora kwa rula, kalamu nyekundu na kalamu ya bluu. Lina safu nne: Historia, Kiswahili, Ualimu, na ya mwisho, nyembamba kuliko zote, nimeiandika "Za lazima". Nakumbuka kwa nini niliifanya nyembamba. Nilikuwa nimeanza kuchora kutoka kushoto, na nafasi ikaniishia.

Nilikuwa nimechaguliwa kusoma shahada ya sanaa na ualimu. Hayo yalikuwa mapatano kati yangu na mama. Mama anapika chai, maandazi, wali na kuku kando ya barabara kuu, mahali malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanapopumzika, na wateja wake wengine ni walimu. Walimu wanakula kwa mkopo, lakini tarehe zao za kulipa anazijua. "Mwalimu anadaiwa," alikuwa akisema, "ila analipa." Kwake hiyo ilikuwa sifa ya kutosha ya kazi. Mimi nilikuwa nataka kusoma historia na Kiswahili, yote mawili, na ualimu ulikuwa mlango pekee uliokubali kunipitisha na yote mawili mkononi, maana kila mwalimu wa sekondari anahitaji masomo mawili ya kufundishia.

Wenzangu wengi walikuwa na somo moja la moyoni na jingine la kusindikizia. Mimi sikutaka la kusindikizia. Nilitaka nikimaliza niweze kuomba shahada ya uzamili upande wowote, historia au fasihi, bila kuambiwa kwamba kozi zangu hazitoshi. Kwa hiyo kila palipokuwa na kozi ya hiari niliichukua, upande huu na upande ule, na jedwali likajaa.

Hesabu yake haikuwa ngumu. Shahada ya miaka mitatu inadai krediti 360, yaani 120 kila mwaka. Krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi, ukijumlisha darasani, maktaba na mitihani. Mwaka mmoja basi ni saa 1,200. Nilizigawa saa hizo kama mtu anayegawa mchele kwenye visado. Historia ikapata zake, Kiswahili zake, Ualimu zake. Kilichobaki kilikwenda kwenye safu ya mwisho: Stadi za Mawasiliano na Taaluma za Maendeleo, ambayo kila mtu chuoni aliiita DS.

Muhula huohuo, kwenye kozi moja ya historia, tulisoma habari za wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo na kurudi na nguo na shanga. Mzigo wa tajiri ulipimwa kwa frasila, na mara nyingi ulikuwa kama kilo 30. Juu ya hapo mpagazi alibeba mkeka wake, chungu chake, chakula chake na silaha yake, na hivyo havikuwa kwenye mizani. Niliandika jambo hilo kwenye daftari langu la historia na kulipigia mstari. Haikunijia kulilinganisha na jedwali langu.

DS ilifundishwa kwenye ukumbi mkubwa kuliko kumbi zote za chuo, na bado haukututosha. Kulikuwa na watu wa sheria, wa uhasibu, wa jiografia, wa sayansi ya kompyuta. Waliochelewa walikaa kwenye ngazi. Waliochelewa zaidi walisimama dirishani. Kozi ile haikuwa na mwenyewe. Hakuna aliyekuja chuoni kusoma DS. Tulikuwa tunasema ukikosa kipindi kimoja hukukosa kitu, kwa sababu makaratasi ya mwaka juzi yapo stesheneri, na maswali ni yaleyale: maana ya maendeleo, Azimio la Arusha, siasa ya vijiji, utandawazi.

Nilikuja kujua baadaye sana ilikotoka. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kukatwa mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao zaidi ya 300. Siku ileile akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, Machi likaja andiko la Elimu ya Kujitegemea, na mwezi huohuo ukafanyika mkutano Dar es Salaam kujadili chuo kikuu kina kazi gani katika nchi ya kijamaa. Katika mjadala ule ndimo lilimozaliwa wazo la somo la pamoja, litakalosomwa na kila mwanafunzi, awe anajifunza sheria au uhandisi, ili asije akahitimu bila kuijua nchi iliyomsomesha. Mwaka 1973 likapewa taasisi yake. Vyuo vingi vilivyofuata vikauchukua utaratibu huo, na nusu karne baadaye ukanifikia mimi ukiwa safu nyembamba kwenye kaunta buku.

Muhula wa pili ratiba ilitoka na kipindi cha DS kikagongana na kozi ya hiari ya fasihi simulizi niliyokuwa nimeisubiri tangu kidato cha sita. Mtu mwenye busara angeiacha ya hiari. Mimi nilikwenda stesheneri, nikanunua makaratasi ya DS, nikayatia kwenye begi, na kila Ijumaa nikaenda kwenye fasihi simulizi.

Jaribio la DS lilifanywa ndani ya kipindi, bila tangazo ubaoni. Tangazo lilitolewa kwa mdomo, wiki moja kabla, kwa watu waliokuwepo. Nilipojua, alama 20 kati ya 40 za muhula zilikuwa zimeshaondoka. Nilikwenda kuomba nifanyiwe jingine, nikaulizwa nilikuwa wapi, nikasema nilikuwa darasani. "Darasa gani?" Nikalitaja. Aliyekuwa ananiuliza hakunigombeza. Alinitazama tu, kisha akarudi kwenye karatasi zake. Mtihani wa mwisho ulikuwa na alama 60, na mimi nikaufanya kama mtu aliyesoma makaratasi ya mwaka juzi.

Nikasapu. Katika masomo mawili makuu yote nilikuwa na A na B+, na kwenye kozi ambayo hata mtu wa uhasibu aliipita, nilikuwa na sapu.

Sikumwambia mama. Nilimwambia nimepewa kazi ya kusoma likizoni. Nilikuwa nahofu ya bumu pia: kwenye vimbweta watu walisema mwenye kukeri anaweza kukatwa mkopo, na sikuthubutu kumuuliza yeyote kama ni kweli. Nilipanda basi kwenda Igunga na makaratasi yaleyale ya stesheneri, na Julai yote na Agosti yote nikawa nayasoma kwenye benchi la kibanda, kati ya kuosha vikombe na kupepeta mchele.

Guku alikuwa amekuja kukaa na sisi msimu ule. Babu mzaa mama, ila sisi tunamwita guku kama watu wa kwetu wanavyoita. Alikuwa ametolewa kijijini, upande wa mbuga ya Wembere, aje mjini kutibiwa macho. Kwa kuwa hakuona vizuri, alipenda kusomewa: karatasi ya dawa, gazeti lililofungia maandazi, chochote. Siku moja aliniuliza ninasoma nini kila siku mpaka naongea peke yangu.

Nikamsomea. Ilikuwa sehemu ya vijiji. Novemba 1973 serikali ilitamka kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, na kila mtu awe amehamia ifikapo mwisho wa 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa. Baada ya hapo makaratasi yaliorodhesha mafanikio matano na changamoto sita.

"Changamoto ndiyo nini?" aliuliza guku.

"Ni shida, guku. Matatizo."

"Sasa kwa nini wasiseme shida?"

Sikuwa na jibu. Akanyamaza, akanyoosha mguu, halafu akauliza jingine. "Hapo wanasema tulihamishwa na nani?"

Nikatafuta. Nilisoma aya nzima, halafu ile ya juu yake, halafu ile ya chini. Watu walihamishwa. Vijiji vilianzishwa. Nyumba zilijengwa. Mtendaji hakuwepo popote. Nilikuwa nimesoma sarufi ya Kiswahili mwaka mzima, ningeweza kukuchambulia kauli ya kutendwa mpaka mzizi, na sikuwa nimeiona hadi mzee asiyejua kusoma aliponiuliza.

"Hawasemi," nilimwambia.

"Basi andika wewe," alisema, na akaanza.

Alisema lori lilikuja baada ya mavuno ya mwaka 1974, na mgambo wawili waliowajua kwa majina, mmoja wao mtoto wa dada yake. Alisema kabla ya hapo kila mtu alikaa ndani ya shamba lake, na ukitaka moto kwa jirani unatembea. Waliezua paa la nyumba ili wasirudi. Kule walikopelekwa walikuta vigingi vimepigwa kwa mstari, na kila baba akaonyeshwa kigingi chake. Bibi alikuwa na mimba ya mama. Vilipakiwa vitu vya haraka: vyungu, jembe, ngozi za kulalia, mtama kidogo. Jiwe la bibi la kusagia lilibaki. Usiku wa tatu guku alirudi peke yake kulichukua, akalibeba kichwani hadi kulipokucha. Jiwe hilo nalijua. Liko kijijini hadi leo, kuku wananywea maji juu yake.

Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Alifumba macho, akataja kaya. Akaanzia kisimani, akaja kwa mstari, nyumba kwa nyumba, kama mtu anayetembea: hapa fulani, hapa mjane wa fulani, hapa fulani aliyekuwa na ng'ombe mwekundu. Alitaja wenye nyumba 19 wa mahali pa zamani, kila mtu na jirani yake, kisha akataja jinsi walivyopangwa upya kwenye vigingi, ambako hakuna aliyekaa tena karibu na mtu wake. "Ndiyo maana watu waligombana," alisema. "Haikuwa maji. Walimweka kila mtu karibu na mtu asiye wake."

Sikuandika. Mikono yangu ilikuwa na sabuni ya vyombo, na mteja alikuwa anaita. Lakini alinirudia mara tatu mwezi ule, kwa mpangilio uleule, mpaka nikaweza kumtangulia.

Septemba nikaenda kufanya sapu. Swali la pili lilisema: Jadili mafanikio na changamoto za siasa ya vijiji nchini Tanzania. Nilitaja tarehe zinazotakiwa. Nilitaja mafanikio matano, kwa sababu shule na zahanati zilikuja kweli, na mama mwenyewe alisoma shule ya kile kijiji. Kisha nikaandika shida, kwa neno hilo. Nikaandika lori, mgambo, jiwe. Nikaandika majina yote 19, kutoka kisimani, na mpangilio wa vigingi, nikachora na mchoro. Nilijaza kijitabu, nikaomba kingine. Sijawahi kuandika mtihani vile, wala kabla wala baada.

Nikapata C. Ukirudia mtihani hupati zaidi ya C, hata ungeandika nini. Niliijua kanuni hiyo tangu mwanzo.

C ile ilikuwa na bei. Nilipomaliza mwaka wa tatu wastani wangu ulikuwa 3.74, na kwenye cheti ukaandikwa 3.7, kwa kuwa hawakadirii kupanda. Mhadhiri wangu wa historia aliniuliza kama nitaomba nafasi ya ukufunzi msaidizi. Wanaanzia 3.8. Usiku ule nilikaa na kikokotoo cha simu. Kama DS ingekuwa B+, ningeongeza pointi mbili, mara krediti 12, ni 24. Gawa kwa 360, ni 0.066. Ningefika 3.806. Niliirudia hesabu hiyo mara nyingi, nadhani nikitarajia itakosea.

Lakini hiyo siyo hasara ninayoifikiria siku hizi.

Guku alifariki Machi ya mwaka wangu wa pili. Nilichelewa mazishi kwa siku moja. Wakati huo sikuwa nimefikiria kitu chochote kuhusu vijiji. Nilikuwa na jedwali langu, nimelipanua safu ya mwisho kwa adabu, nimeshaipita DS, na nilitaka kuandika juu ya misafara. Baada ya kuhitimu nilifundisha kwa kujitolea, nikasaidia kibandani, na nilipopata nafasi ya uzamili nikaanza kuandika pendekezo la utafiti. Nikajikuta kila sentensi inarudi kule kule: nani alikaa karibu na nani, kabla na baada. Msimamizi wangu alisoma, akasema jambo hili halijaandikwa vya kutosha kwa upande wetu wa Tabora. "Una ushahidi wowote wa mahali pa kuanzia?"

Nilikuwa nao. Niliuandika kwa mkono wangu, kwa kalamu ya bluu, kurasa karibu nne, na kuukabidhi kwa msimamizi wa chumba cha mtihani. Nilikwenda kuuliza. Niliambiwa kwa upole kwamba vijitabu vya majibu havirudishwi, na vya miaka ile vimeshateketezwa kwa utaratibu. Hakuna aliyekosea. Ile ilikuwa karatasi ya mtihani wa kurudia wa kozi ya lazima.

Nimejaribu kuyakumbuka majina. Nimekaa kwenye benchi lile la mama, nikafumba macho, nikaanzia kisimani. Nafika sita, na la saba nalipata siku nyingine na siku nyingine silipati. Nilikuwa na kaunta buku ya kwaya mbili. Ina jedwali la saa 1,200 kwa mwaka lililopangwa bila hata saa moja kupotea. Kurasa za nyuma, kama 60, ni nyeupe.

Kesho yake nilimpigia mdogo wangu. Alikuwa ameshakaribia uamuzi. Alitaka HGK, na alikuwa na hofu nitamkatalia kwa sababu watu wanasema haina ajira. Sikumkatalia. Nilimwuliza atakachosoma kwa lazima ni nini. Akasema kuna Historia ya Tanzania na Maadili, kila mtu analisoma, si la kuhangaika nalo.

"Hilo ndilo uanze nalo," nilimwambia. "Ukichora jedwali, chora hilo kwanza."

Alicheka. Alidhani nafanya ualimu.

"Kitu kingine. Nunua kaunta buku leo. Jumapili panda bodaboda uende kijijini, mwone yule mzee rika la guku, mwenye kofia ya kijani. Mpelekee sukari na majani ya chai. Mwulize kabla ya vijiji nani alikuwa jirani wa nani, kuanzia kisimani. Andika palepale, usisubiri kufika nyumbani."

"Hata kama anasema haraka?"

"Hata kama una sabuni mikononi."

Hakuelewa, lakini alikwenda. Jumapili jioni alinitumia picha ya ukurasa, mwandiko wake umelala kulia kama wa mama. Mzee alikuwa amechoka, alisema, atarudi tena wiki ijayo. Kulikuwa na majina matatu tu. Mawili nilikuwa nayo. La tatu lilikuwa la mjane, jirani wa pili kutoka kisimani, na nilipolisoma nililisikia kwa sauti ya guku.